Tope Linalotokota

Jumatatu, 4 Mei 1998

Meli inashusha magari tangu alfajiri. Nimeshinda kwenye yadi ya magari ya Clairwood, karibu na bandari, nikifungua boneti, nikinusa oili, nikitenga mabovu. Mikono inanuka dizeli hata baada ya sabuni. Saa ya chai bosi akaniita. Mguu wake umefungwa plasta, hawezi kupanda ndege. Kwa hiyo Japani tunaenda mimi na Mutua, fundi wetu Mkenya, kuchagua magari mnadani. Watoto wangu watabaki hapa ugenini, mtaani Albert Park, na mdogo wangu Espérance. Amefurahi kuliko mimi.

Jumapili, 10 Mei

Tumefika. Mji uliobanwa kati ya mlima na bahari. Moshi unatoka kwenye mitaro, nyuma ya maduka, katikati ya bustani za watu. Nikadhani mji unaungua. Mutua akacheka: ni mvuke, ardhi ya hapa inachemka chini.

Kisha harufu. Mayai yaliyooza. Naijua. Kwetu Goma upepo ukitoka kwenye volkano ilikuwa hivi hivi.

Tumefikia kwa Mama Sato, mjane mwenye nyumba ya wageni. Kiingereza chake na changu havikutani, Mutua ndiye daraja. Kesho hakuna mnada. Anataka kutupeleka kuona tope linalochemka lenyewe. Nimesema sawa. Sitaki.

Jumatatu, 11 Mei

Sikuweza. Kufika getini nikaona ni shimo, ngazi zinashuka, mvuke umejaa. Nikarudi kwenye gari. Mutua alikasirika. Tumevuka bahari yote hii, halafu nakaa garini?

Ikabidi nimwambie. Kaka yangu Amani alikuwa kijana wa miaka kumi na mitatu. Mbuzi aliingia bondeni kwenye mawe ya volkano, naye akamfuata. Asubuhi tulivu, bila upepo. Mazuku ilikuwa imelala mle, ile hewa mbaya isiyoonekana wala kunuka. Walimkuta amejilaza kando ya mbuzi, kama wamechoka wote wawili. Mama akakataza jina lake lisitajwe tena nyumbani. Halikutajwa.

Jioni nikamsikia Mutua akimweleza Mama Sato. Niliona aibu. Niliona hasira pia.

Jumanne, 12 Mei

Mnada siku nzima. Mvua. Tukiwa kwenye chai ya asubuhi meza ilitetemeka, vikombe vikagongana. Mimi nilikuwa tayari mlangoni. Mama Sato alishika birika tu, tetemeko likapita, akaendelea kumimina. Watu hawa wanaishi juu ya kitu hiki. Wanawezaje?

Jumatano, 13 Mei

Nimeshuka. Niliomba mwenyewe kurudi.

Juu ya ngazi nilitafuta ndege. Kwetu, palipo na mazuku ndege huanguka. Watoto tulifundishwa kutazama chini kabla ya kupita. Hapa shomoro walikuwa wanarukaruka ukingoni kabisa. Paka amelala kwenye jiwe la chini, ubavu unapanda na kushuka. Nilimtazama yule paka mpaka Mutua akakohoa. Upepo wa bahari ulikuwa unapita. Nikaweka mguu.

Tope ni la kijivu, laini, zito kama uji wa mtama. Limetulia. Halafu katikati kitu kinavimba, mviringo, kinang'aa, kinainuka polepole kama kichwa kilichonyolewa kinachoamka usingizini. Kinapasuka. Pwo. Duara zinatanuka na kubaki pale, moja ndani ya nyingine. Kingine kando. Kingine. Hakuna anayekoroga. Sauti inatoka chini sana, niliisikia kwenye nyayo kabla ya masikio.

Nilisahau kuogopa. Kisha nikaogopa upya, lakini si woga ule. Kama kanisani watu wote wanaponyamaza kwa mara moja. Hii ilikuwepo kabla ya watu. Haimchukii mtu. Haikumchukia hata Amani. Mungu wangu, ni kubwa.

Mama Sato akauliza jambo. Mutua akatafsiri: "Anataka kujua kaka yako aliitwa nani."

"Amani," nikasema. Sauti ilitoka kama ya mtu mwingine.

Yule mama akaligeukia tope, akainamisha kichwa, akalitamka jina polepole asije akaliharibu. "A-ma-ni."

Nililia mbele yao. Hawakunishika. Walisubiri. Tope liliendelea na kazi yake.

Jumapili, 17 Mei

Nyumbani. Baada ya kanisa nilimkuta Espérance jikoni. Nikamsimulia mvuke, tope, yule mama. Kisha nikalitaja jina.

Akavuta kiti, akakaa. "Yaya," akasema, kwetu mkubwa wako humwita hivyo, "mimi sikumbuki sura yake."

Alikuwa bado wa kubebwa mgongoni wakati ule, na Amani ndiye aliyembeba. Hilo hakulijua. Basi nikamwambia. Meno ya mbele yaliyoachana. Mluzi wake. Jinsi alivyokuwa akimwimbia njia nzima mpaka ziwani. Watoto wakaja wakakaa sakafuni, wakauliza huyo ni nani, nikawajibu.

Maharage yaliungua kidogo. Tuliyala hivyo hivyo.