Wanaume wa Baraka Hawafungwi Kamba

Kwako Yaya Apolina, dada yangu mkubwa,

Kabla ya salamu nakwambia hili, usije ukaiacha barua hii katikati na kuanza kulia: mume wako yu hai. Ameanguka kutoka juu ya nyumba tunayojenga, ameumia vibaya, lakini anakula na anaongea, tena anaongea zaidi ya anavyostahili. Sasa nakusalimu. U mzima? Watoto je? Mihogo ya nyuma ya nyumba imeota, au nguruwe wa porini wameshaimaliza? Mimi mwili ni mzima. Moyo una hasira, na utaisikia humu.

Siku ya kuondoka Kilembwe ulinishika mkono ukasema, "Mmunga, utanirudishia baba ya batoto muzima, unasikia?" Nimeshindwa. Naye sasa ananiomba nikuandikie kwamba aliteleza kwa sababu ya mvua. Hapakuwa na mvua, Yaya. Palikuwa na upumbavu.

Tunajenga ghala la pamba hapa Baraka, kando ya soko, karibu kabisa na ziwa. Kuta zimekwisha, ziko juu kuliko kanisa la kwetu, na sasa tunapiga mabati. Mzungu mwenye kazi alileta kamba mpya za katani, kila anayepanda ajifunge kiunoni na ncha ya pili aifunge kwenye mti wa paa. Jambo jepesi, hata mtoto angelielewa. Lakini hapa wafungwa huteremshwa kutoka gereza la Fizi kuja kutubebea mawe, wale waliokosa kodi na wale waliokataa kulima pamba, nao huja wamefungwa kamba kiunoni, mmoja nyuma ya mwenzake, wakipita mbele ya soko zima. Basi mafundi wetu watukufu walipoziona zile kamba mpya wakaruka nyuma kama wameonyeshwa nyoka. Mwanamume huru afungwe kiunoni juu ya paa, mahali ambapo hata wavuvi walioko majini wanamwona!

"Mi sikuiba kitu, sikukosa kodi," mume wako akasema. "Kamba ni ya bafungwa."

Wote wakaitikia. Kapita wetu, yule msimamizi mwenye tumbo, alifurahi kimoyomoyo, kwa kuwa kufunga na kufungua kamba hupunguza mabati ya siku, na Mzungu humsifu kwa mabati. Akazirudisha stoo. Mzungu alipouliza, aliambiwa watu wa huku wamezoea milima. Akaamini, akaenda kukaa kivulini na kofia yake. Huyo hata ngazi yetu hajawahi kuikanyaga.

Mimi nilikwenda stoo nikachukua kamba yangu. Akina mama wanaouza bukari ya unga wa muhogo na samaki chini ya ukuta wakanipigia vigelegele. "We Mmunga, balikufunga miezi ngapi?" Ikawa ndiyo salamu yangu ya kila asubuhi. Mafundi walicheka mpaka mmoja akaangusha nyundo, ikapita karibu na kichwa cha mfungwa, na hilo nalo likawa la kuchekwa. Wilondja wako alicheka kuliko wote. Alikuwa akitembea juu ya mbao ya paa, mikono kiunoni, ili muuza ndizi mmoja aseme "Eeh!" Usione wivu, Yaya, ni bibi kizee asiye na meno. Lakini ndiyo hivyo: watu wazima, wenye wake na watoto, wanauza shingo zao kwa "Eeh!" ya kibogoyo.

Watu hudhani fundi anayepanda bila kamba haogopi. Upuuzi mtupu. Nimekuwa nao kule juu, nimewasikia wakimwita Mungu na mizimu ya babu zao kwa pumzi moja. Wanaogopa kuanguka. Ila wanaogopa zaidi kuchekwa na watu wanaokula pale chini, ambao wakishanawa mikono wanakwenda zao na hawakumbuki hata jina la fundi.

Nilimwita Wilondja pembeni, nikasema naye kwa heshima, maana ni shemeji. "Shemeji, yaya aliniambia nikurudishe muzima."

"Yaya yako aliolewa na mwanaume," akanijibu, "si na mbuzi ya kufunga."

Alhamisi upepo wa ziwani ulianza mapema. Yeye alikuwa juu, amekumbatia bati zima, anatembea nalo. Upepo ukaingia chini ya bati. Kama angeliachia, angebaki. Hakuliachia, kwa sababu bati likianguka kapita hupiga kelele na soko lote hugeuka kutazama. Wakaenda chini wote wawili, yeye na bati lake, upande wa mawe. Upepo huohuo ulinitupa na mimi, kamba ikanikaza tumbo mpaka nikatapika. Nilining'inia pale kama nguo iliyoanikwa, Yaya, na siku hiyo hakuna aliyecheka. Waliomfikia kwanza ni wafungwa. Walikimbia vilevile wamefungwa pamoja, wakamwinua pamoja.

Tulimpeleka hospitali ya Nundu kwa lori la pamba. Daktari anasema mgongo umeumia, na miguu haisikii ikiguswa. Huenda ikarudi, huenda isirudi. Anasema tungoje.

Jumapili nilikwenda kumwona. Akaniashiria nisogee, nikadhani atauliza habari zako.

"Shemeji," akasema, "bamama ya soko banasema nini? Baliona kama sikukuwa na kamba?"

Nilikuwa na matusi ya kutosha, nimeyapanga njia nzima. Nikaiangalia ile miguu chini ya blanketi.

"Baliona," nikamwambia. "Bote baliona."

Akafumba macho, akalala usingizi mzuri, wa kwanza tangu aanguke. Nami nikatoka nje nikalia kwa hasira. Jumatatu niliporudi kazini nilikuta mtu mwingine ameshika nafasi yake juu ya paa, na kiuno chake kitupu.

Nisalimie mama mkwe wako, umwambie mwanawe anamtaja. Nisalimie mjomba wetu mhunzi, na bibi yetu asiyesikia, mpigie kelele mpaka aelewe ni mimi. Mdogo wetu Asukulu akisema anataka kuja Baraka kutafuta kazi, mnyime chakula cha njiani.

Aliyekuletea barua hii ni mfanyabiashara wa chumvi, anarudi huku akishauza. Fuatana naye, watoto uwaachie mama mkwe. Njoo upesi, Yaya. Mume wako hakubali muuguzi yeyote amgeuze kitandani, ati wagonjwa wengine wanamwangalia, na mgongo wake umeanza kutoka vidonda. Labda kwako atakubali.

Ni mimi mdogo wako uliyemwamini,
Mmunga