Nilikuambia Uanze Upya

Mwalimu mwenzangu Wairimu,

Ninaandika nimeegemea mito mitatu, maana nikilala chali pumzi inakatika. Daktari wangu wa Thika haniambii tena kwamba nitapona. Anauliza tu kama ninakula. Naogopa, Wairimu. Kaburi lenyewe haliniogopeshi sana. Naogopa kukukuta huko.

Kwako Theta hungepatambua. Kahawa yote imeng'olewa, na nyumba za kupangisha zimefika hadi uani, pale tulipokuwa tukiketi Jumapili baada ya kanisa. Mmoja alikuwa akisoma hadithi yake kwa sauti, mwingine akipukuchua maharagwe. Ilikuwa marufuku kusema nzuri au mbaya. Mikono ya msikilizaji ikisimama, aya ilibaki. Ikienda mbio, aya ilikatwa. Chuoni sikufundishwa kitu kilichonifaa kuliko hicho.

Siku uliyosoma hadithi ya mama aliyeendelea kumpakulia mwanawe aliyekufa, mikono yangu ilisimama ukurasa wa kwanza. Nikajua umeniacha mbali. Nikailazimisha iende. Nilipukuchua mbiombio mpaka mwisho, hata maganda yaliyokuwa tayari matupu.

Ukauliza, "Yote, Mwalimu?"

Nikasema, "Yote. Anza upya."

Uliniamini. Ukawashia moto wa jikoni kwa karatasi zile, ukanitania kwamba githeri ya mahindi na maharagwe yale iliiva upesi siku hiyo. Ukaanza upya, kisha ukaugua. Ulipokufa ulikuwa na kurasa tatu, na hazikuwa na uhai. Kwenye mazishi niliombwa niseme machache kama rafiki yako wa karibu. Nilisema. Mungu anisamehe, nilisema vizuri.

Sasa vijana huja kwangu Ruiru kila Jumamosi kujifunza kuandika. Ninawafundisha yako: someni kwa sauti mbele ya mtu mwenye kazi mikononi; mhusika akisema jambo kubwa, mpeni kitu kidogo cha kufanya; mkishaeleza huzuni, rudini mfute maelezo. Wananishukuru mimi. Sijawahi kulitaja jina lako.

Jumamosi iliyopita Nyambura, msichana wa Mugutha, aliniachia hadithi ya baba yake anayechoma nyama kwenye vibanda vya Kamakis. Akaniambia, kama mjukuu kwa babu, "Guka, kama ni mbaya sema tu. Nitalia nikishafika nyumbani." Nimeisoma mara mbili. Ni nzuri kuliko chochote nilichowahi kuandika, kama ile yako. Neno "bado" lilikuwa limeshafika mdomoni. Mzee wa umri huu, karibu kufa, na bado nina wivu na mtoto wa watu. Hilo ndilo linalonitisha kuliko moyo wangu mgonjwa.

Hadithi yake inahitaji mambo mawili tu. Ile mvua ya mwanzo aitoe, aanze pale baba anapoficha mkono ulioungua usionekane na wateja. Na mwishoni asituambie kwamba baba alimpenda, tumeshaona.

Alitakiwa kurudi Jumamosi hii ijayo. Leo ni Jumatano, na siamini pumzi hizi, wala sijiamini mwenyewe. Nimempigia simu aje kesho asubuhi. Kabla hajaketi nitamwambia kazi yake ni nzuri. Kisha nitamwambia wewe ulikuwa nani, na nilichokufanyia.

Lala salama, Wairimu. Nikishamwambia, nitakuja. Unipokee utakavyo.

Mwenzako,
Mwalimu Kariuki