Kijiji Ndani ya Mpira wa Mkojo

Jumatatu, 3 Machi
Nimemwaga mfuko wa mkojo kwenye migomba, kama kila asubuhi. Hakuna migomba minene kama yangu Iyolwa nzima. Tangu kibofu kigome nikawekewa mpira huu wa kupitishia mkojo, sijaugua hata siku moja. Mwili wa chuma.

Uongo. Natetemeka tangu Ijumaa. Mkojo umekuwa mzito kama uji wa mtama, unanuka. Achieng, mke wangu, anadhani ni malaria. Sijamwambia kwamba siku ya kubadilisha mpira ilishapita zamani. Sista wa hospitali anayebadilisha ni binti wa Owor, rafiki yangu. Nimvulie suruali tena? Bora nife.

Jumatano, 5 Machi
Mimi si mchafu. Mpira nautunza kama mrija wangu wa pombe: sabuni kwa nje, maji moto kwenye mfuko, basi. Mrija huo mrefu wa utete nimeufyonza kwenye chungu cha pombe cha wazee tangu ujana. Haujaniua.

Owor amenivushia kapsuli za antibiotiki kutoka Busia, upande wa Kenya. Nimemeza. Chungu kama maneno ya shemeji.

Ijumaa, 7 Machi
Homa kwisha! Nani anahitaji daktari? Kapsuli zilizobaki nimempa Owor kwa kikohozi chake.

Jumapili, 9 Machi
Imerudi. Mbaya kuliko mwanzo. Mgongo unapasuka, hapa kwenye figo. Nimetapika juu ya gauni la Achieng, gomesi yake ya kanisani. Hakunitukana. Ndipo nikaogopa.

Jumatatu, 10 Machi
Hospitali, Tororo. Mpira umechomolewa, mwingine umeingia. Nimelia kama mbuzi wa Krismasi. Binti wa Owor akasema, "Baba, hiyo unayoficha nimeiona kwa wazee wote wa Iyolwa. Yako haina jipya. Tulia." Nimetulia. Nimeumia roho kidogo.

Kuna msichana wa chuo, Mkenya, anachunguza mipira ya wagonjwa. Ameomba ule wangu wa zamani. Nikamwambia, "Chukua, mama, kapike mchuzi." Akacheka, akaupasua kwa urefu. Ndani ute. Wa kijivu, umeng'ang'ania ukutani kama njia ya konokono.

"Hawa ni bakteria, mzee. Wakishika mahali wanajifunika na utando. Dawa inaua wale wanaotembea nje. Waliomo ndani wanangoja."

Kumbe nimefuga kijiji. Kina paa, kina raia, na hakilipi kodi. Kapsuli za Owor zililowesha paa tu, nami nikazikatiza.

Nimecheka peke yangu. Halafu sikucheka.

Jumatano, 12 Machi
Sindano hazifanyi kitu. Wadudu wameingia damuni. Daktari alisema hivyo akitazama ukuta. Msichana amewapanda wadudu wangu kwenye visahani, aone ni dawa gani bado inawaweza. Majibu bado.

Kitanda cha pili alilala mzee kutoka kijiji cha Mwello. Naye alikuwa na mpira. Jana tulishindana nani ana mfuko uliojaa. Leo godoro lake limekunjwa.

Sitaki kufa. Naandika hivyo hivyo. Sitaki. Nimemwomba Mungu, nikamtukana, nikamwomba tena. Kufa kwa aibu ya suruali! Huko ahera nitawaambia nini? Na nani atamchokoza Achieng jioni?

Alhamisi, 13 Machi
Dawa moja imewaweza. Moja tu kati ya zote. Imeanza kuingia mshipani. Baridi.

Jumamosi, 15 Machi
Homa imeshuka. Haijaondoka. Daktari hasemi nimepona, anasema ninywe maji, mengi. Mikono inatetemeka, kikombe chote kinaishia kifuani. Achieng akaniletea mrija wangu kutoka nyumbani, ninywe nikiwa nimelala. Nikamwambia aupasue kwanza. Akaniona nimerukwa na akili. Akapasua.

Ute ule ule. Amekwenda kuuchoma nyuma ya jiko la hospitali. Nilisikia harufu ya moshi wake dirishani. Umri wangu wote ulikuwa mle.

Sasa wewe Owor, ukija kunitazama, soma hapa. Mrija unaoringia kwenye chungu nilikukatia mimi, na kichujio cha nchani cha kuzuia machicha nikakusukia mimi, na asante sijaiona mpaka leo. Nikatie na mimi mmoja. Mpya. Kichujio usihangaike. Mfupi tu, wa kufika kwenye kikombe cha maji.