Kwenye Fomu, Hajaoa

Jumamosi, 18 Mei 2024

Siku ya kumi na tisa ya ndoa. Naamka kabla yake ili nimtazame tu. Abdulwahabu wangu! Mpishi wa wazungu, lakini nyumbani ananiachia mimi niunguze chapati, kisha anazimaliza zote na kusema tamu. Karatu yote ukungu mpaka dirishani. Mimi baridi siisikii kabisa.

Jumatano, 22 Mei 2024

Abdu kashuka mapema kutoka hotelini, Ngorongoro. Mwekezaji mpya amevunja ajira zote. Anayetaka kubaki aombe upya, kupitia wakala wa ajira, mkataba wa miezi sita sita. Baba mkwe kapiga simu kutoka Endabash. Alifanya kazi hoteli hiyo hiyo miaka thelathini, ilipokuwa ya shirika la umma — nyumba ya kazi, likizo, pensheni. Kauliza mara mbili: miezi sita, halafu? Abdu akasema mtandao unakatika.

Afisa kazi naye alikwenda kuwaelimisha. Sera ni kwamba sekta binafsi ndiyo inaajiri, serikali inaweka mazingira. Nashipai wa usafi wa vyumba akamwambia mazingira tunayo, baba, mpaka nyati wanalala humo, tunachotafuta ni kazi. Abdu alicheka akinisimulia. Chakula hakugusa.

Alhamisi, 23 Mei 2024

Nimeharibu.

Abdu mwandiko wake mbaya, kaniachia fomu nimjazie. Nikafika penye hali ya ndoa. Nikaandika AMEOA, herufi kubwa, na jina langu pembeni: Asmaa. Nikakaa nalitazama kama picha. Aliporudi kutoka msikitini akalisoma, akaketi kitandani bila kuvua kofia. Kumbe wakala kawaambia kwa mdomo tu — haikuandikwa popote — wanachukua wasio na familia. Watu wa kukaa kule juu miezi mitatu bila kuomba ruhusa.

Nikasema basi usiombe. Akasema jikoni zote za Karatu ameshapiga hodi, aende wapi tena, mke wangu? Kasema "mke wangu" polepole mno.

Jumamosi, 25 Mei 2024

Kapata fomu nyingine. Kaniomba nijaze tena mimi. Nimeandika HAJAOA kwa mkono huu huu. Mtu wa karibu: Asmaa, dada.

Abdu anasema ni karatasi tu, mbele ya shehe tulisimama wawili. Najua. Ila mbona wasiulize tu kama anajua kupika?

Jumanne, 28 Mei 2024

Kapita. Tumekumbatiana muda mrefu.

Jumatano, 29 Mei 2024

Issa, karani wa wakala, kaja na mkataba wa Abdu. Abdu akishasaini, yeye agonge muhuri, anao mfukoni. Abdu kaenda sokoni. Nimemkaribisha sebuleni, mlango nimeuacha wazi. Afadhali picha za harusi hazijatoka studio. Ni mtu mpole. Anasema, "Dada, kaka yako ana bahati. Waombaji mia mbili, nafasi tisa."

Kisha akauliza kama nina mchumba. Anasema hana mzaha, mkewe alifariki mwaka jana, na ameona nyumba hii ina adabu. Atamsubiri kaka wazungumze kiume.

Nikasema ngoja niangalie chai. Sikwenda jikoni. Niko chumbani, naandika magotini. Nikisema nimeolewa, atauliza mume yuko wapi. Nikisema sijaolewa — siwezi, mdomo haufunguki. Muhuri bado uko mfukoni mwake.

Abdu huyo. Namsikia anavua viatu, anaitikia salamu, anauliza za kazi. Issa kasimama, kiti kimelia. Kamwita "shemeji".