Kalume wa Kawempe na Deni la Nyumba Yetu

Baba,

Nimeanza kuandika nikiwa kwenye kiti chako hapa dukani Kamwokya, nikainuka, nikapiga pasi kola sita zisizo na haraka yoyote, nikarudi. Jirani muuza maspika amefungulia muziki mpaka mikasi inatetemeka mezani. Ungekuwepo ungegonga ukuta kwa rula, naye angepunguza kwa dakika mbili kisha angepandisha tena. Mimi sina hata nguvu ya kugonga. Tangu tukuzike situlii mahali, na Shangazi Feza anasema nimekuwa kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Nina jambo la kukuambia. Nimelizungusha kichwani miezi minne. Acha nianze lilipoanzia, maana nikianzia mwisho nitalia, na mteja wa sare anakuja saa nane.

Siku uliyorudisha funguo unaikumbuka. Shule zilikuwa zimefungwa muda mrefu kwa ajili ya korona, hakuna aliyeshona sare, mkopo wa nyumba ukalala bila kulipwa, na hata shule zilipofunguliwa hatukuweza kuufikia tena. Benki wakasema wanaichukua nyumba. Wewe hukungoja kutolewa. Ulifagia kila chumba, ukapiga pasi mapazia uliyoyashona mwenyewe, ukayarudisha madirishani, eti anayekuja asiikute nyumba uchi. Kisha ukampa yule mtu wa benki funguo kwa mikono miwili. Akaongea maneno mengi ya Kiingereza, nawe ukaitikia kwa kichwa hadi mwisho. Mimi ninayejua Kiingereza nilikuwa nje nimekalia magodoro, nimenuna, sikutaka hata kumwona uso.

Tulipokuwa tunahamia Namuwongo ukaniambia, "Nimewarudishia funguo yao, mama. Sina deni ya mtu tena." Uliniita mama, kama ulivyoniita tangu nilipojua kutembea. Mchana ule ulilala kwenye godoro lililotupwa chini, kofia usoni, ukakoroma huku treni inapita. Jumapili ukawaambia watu wote wa kanisani kwamba umemalizana na benki.

Hukuwa umemalizana nao, Baba. Hilo ndilo nililokuficha.

Barua ililetwa dukani, mikononi mwangu. Nyumba imeuzwa mnadani, bei haikufika kwenye deni, kilichopungua bado unadaiwa wewe, pamoja na gharama za huo mnada. Niliisoma mara tatu nikiwa nimesimama. Ulikuwa na wiki mbili tu tangu utoke hospitalini na ile presha yako, na daktari alikuwa ameniambia usipewe habari za kushtua. Nikaikunja, nikaitia ndani ya bahasha ya patani, zile karatasi za kukatia sketi za watoto wadogo, kwa sababu sketi ulikuwa umeniachia mimi na huzigusi. Barua mbili zilizofuata nikazitia humohumo. Nilijiona mjanja kweli.

Wiki zilezile ovaloki ikatoweka. Naingia dukani asubuhi, mahali pake pana vumbi la mraba tu. Nikauliza. "Niliazimisha Kalume wa Kawempe," ukasema, ukiwa na pini mdomoni. "Ataleta." Nilipandwa na hasira! Fundi gani anaazimisha mashine ya kumalizia kingo za nguo muhula unapoanza? Tukabaki kumaliza kingo kwa mkono, sketi arobaini, vidole vikivimba. Kila nikiuliza ulisema anakaribia kumaliza. Siku moja ulitoka na koti lako la Jumapili, ukarudi na nusu mkate, ukaniambia, "Kalume anakusalimia sana." Nikakujibu kwamba salamu hazimalizii pindo. Ulicheka, ukanikatia kipande kikubwa. Jibu langu hilo linaniuma mpaka leo.

Halafu moyo wako ukasimama, wiki ya Pasaka, tukiwa hatujanywa hata chai.

Nikupe na habari za mazishi, kwa sababu kosa langu kubwa liko hapo. Unajua desturi ya hapa Uganda. Kabla ya jeneza kushushwa Mchungaji aliuliza kama kuna mtu anayemdai marehemu, asogee kwa familia. Hakuna aliyesogea. Kisha akanigeukia mimi, mwanao wa pekee, akauliza kama familia inajua deni lolote. Baba, nilikuwa na barua tatu kwenye bahasha ya sketi, nami nikasema kwa sauti, "Baba hakuacha deni." Watu wakaitikia amina. Shangazi akalia kwa fahari. Nikarusha udongo juu yako nikigeuza uso, wakadhani ni msiba.

Tangu siku hiyo sijakaa vizuri kanisani. Naketi nyuma, karibu na mlango, nikisikia kila anayenipa pole anaongeza, "Mzee aliondoka safi."

Benki nao hawakukaa kimya. Walimtuma mtu na karatasi anayotaka nitie sahihi, kwamba nalikubali deni na nitalilipa mimi. Nilikuwa nimeshashika kalamu. Nilitaka tu liishe. Shangazi akaninyang'anya ile kalamu, akasema, "Achana nayo! Mwenye deni alikufa, na deni ilikufa." Nikawapeleka wote wawili, Shangazi na karatasi, kwa yule mama wakili anayesali nasi. Akatugomba sawasawa. Mimi akaniambia nisiweke jina langu kwenye deni nisilolikopa. Naye Shangazi akaambiwa deni halijafa, linadai kile alichoacha marehemu, kikiisha hicho limeishia hapo. Kisha akachukua karatasi safi na kuuliza: mzee aliacha nini?

Cherehani mbili, nikasema. Meza. Pasi. Na ovaloki, iko kwa Kalume.

"Kailete," akasema.

Nilizunguka Kawempe siku mbili nikimtafuta Kalume wako. Niliingia kwa mafundi hata wale wa vichochoroni, nikiwaeleza: Mkongomani kama sisi, mshonaji, ana ovaloki ya baba yangu. Hakuna anayemjua. Siku ya pili mama mmoja muuza vitambaa akasema, "Kalume? Nyabo, dada yangu, mbona yuko hapo nyuma." Nikaenda mbio. Nikamkuta mzee wa makaa, mweusi kwa vumbi hadi kope, hajawahi kushika sindano maishani mwake. Nilimfokea bure, masikini, akanisikiliza hadi mwisho, kisha akanipa kigoda nikae. Nilirudi nyumbani nikikulaani kidogo. Nisamehe. Nilidhani umetapeliwa, na kwamba uliona aibu kuniambia.

Mwezi uliopita nilikwenda benki. Wakili alinifundisha cha kuomba: hesabu yote, tangu siku ya mkopo, bei waliyouzia nyumba, na kila kilichoongezwa baadaye. Aliyenihudumia ni dada mmoja mpole mwenye miwani. Alinichapia karatasi nne. Nikaanza kuzipitia kwa kidole, kama unavyokagua mshono. Riba ilikuwa imeendelea kupanda hata baada ya nyumba kuuzwa, hilo nikaliwekea alama. Chini yake nikaona malipo. Pesa taslimu, yamelipwa na mwenye mkopo mwenyewe. Mara moja kubwa, kisha vijisehemu vitatu.

Nikasema wamekosea, baba alikuwa mgonjwa, na hakujua kama kuna deni.

Dada akavua miwani. "Alikuja hapa, nyabo. Alikaa kwenye hicho kiti chako. Tulimpigia simu akaja." Akasema ulivaa koti, ulikuwa unahema, ulikataa maji. Ulisema umeuza mashine na unaleta zote, hukubakiza hata ya nauli. Halafu ukamwomba kitu: wasipige simu dukani. "Alisema binti yake anaogopa sana, asiambiwe."

Niliificha karatasi, Baba, nikaisahau simu yako ya tochi.

Sijui nilitokaje mle ndani. Nilitembea hadi Kamwokya kwa miguu, jua la saa saba, nikicheka peke yangu na machozi yakishuka, watu wakinipisha njia. Kalume hayupo! Hajawahi kuwepo! Mzee mzima, shemasi, unanitungia mtu, unampa mtaa, halafu unaniletea salamu zake. Na mimi nakaa mkabala nawe tunakula maharagwe, nimebana bahasha yangu, umebana siri yako, kila mmoja anamwonea mwenzake huruma. Nakukasirikia. Tungeweza kuogopa pamoja. Ningekusindikiza, ningebeba hata hiyo ovaloki mgongoni. Ulipanda ngazi zile za benki peke yako na moyo ule, na nikiwaza hapo siwezi kuendelea kuandika, ngoja kwanza.

Nimerudi. Mteja amekuja, amechukua sare zake, amesema kingo zimekaa vizuri.

Mambo yamefikia hapa. Benki wameondoa ile riba iliyopanda baada ya mnada, baada ya wakili kuwaandikia barua kali. Wamekubali kwamba madai yao yaishie kwenye ulichoacha. Cherehani siuzi. Nitalipa thamani yake kidogo kidogo hadi mwisho wa mwaka, nami nimetia sahihi kama msimamizi wa mali yako, si kama mdaiwa. Na yale uliyolipa yamehesabiwa yote. Nilimwambia yule dada ayasome kwa sauti, moja moja, nisikie.

Jumamosi tunaondoa matanga. Shangazi ameshaagiza mchele, na ananisihi nisiseme kitu, watu watatuona waongo. Mwongo ni mimi mmoja, nimemwambia. Mchungaji akimaliza kuomba nitasimama, palepale mbele ya wale walioitikia amina, niseme kwamba niliposema Baba hakuacha deni nilisema uongo. Aliacha. Alijua analo, akauza ovaloki yake akaanza kulilipa akiwa mgonjwa, na mimi ninamalizia. Naziogopa nyuso zao. Nitasimama hivyohivyo, Baba, nakuahidi. Na Jumapili nitakaa benchi lako la mbele.

Barua zao nimezitoa kwenye bahasha ya sketi. Ziko ukutani, kwenye msumari uliokuwa ukitundikia tepu yako ya kupimia, kila anayeingia anaziona.

Pumzika sasa, Baba. Usihangaike na ngazi tena. Nakupenda, na kile kipande kikubwa cha mkate sijakisahau.

Na Kalume msalimie sana.

Mama yako mdogo,
Neema