Tiketi ya Kutoka Nant Helyg

Nant Helyg, Wales
4 Oktoba 1962

Kwa binti yangu Tegwen,

Natanguliza salamu, nikitumaini kwamba waraka huu utakukuta u mzima huko Cardiff. Mimi sijambo, isipokuwa goti. Mama yako angali katika hospitali ya vifua, Aberhesg. Jumatano nilimkuta ameketi kitandani. Alikula yai zima, kisha akaniuliza kama masharubu yangu nimeyanyoa kwa shoka.

Ninalazimika kukuarifu jambo zito. Ofisi ya Reli imebandika tangazo kituoni petu kwamba treni ya abiria itaondolewa, kwa kuwa katika miaka kumi na tisa kumbukumbu hazionyeshi abiria hata mmoja aliyepanda Nant Helyg. Unafahamu kwamba basi halipandi huku juu, na theluji ikianguka hata kondoo hawashuki bondeni. Treni ikiondoka, sitamwona tena mama yako, naye hana wa kumtazama ila mimi.

Nimeandika ombi rasmi. Tafadhali lipige chapa.

Ni mimi baba yako,
Ithel Pugh

*

Cardiff, 11 Oktoba

Shikamoo Baba,

Mimi mzima, kikohozi kimekwisha. Goti lipake mafuta, usilipe hotuba.

Ombi nimelipiga chapa. "Kwa unyenyekevu usio na kifani" ilikuwamo mara nne. Nimekuachia moja, usinune.

Lakini Baba, kuna kitu sielewi. Abiria hata mmoja? Mimi nilipanda hapo kila siku ya shule. Na Mama Gwladys na makapu yake ya kuku? Wewe ndiye uliyekuwa gadi wa treni ile mpaka ulipostaafu, na kituo chetu hakina dirisha la tiketi. Tiketi zote uliziandika wewe, kwa mkono wako, ndani ya behewa. Sisi sote tulikwenda wapi?

Mwanao,
Tegwen

*

Nant Helyg, 20 Novemba

Kwa binti yangu Tegwen,

Salamu nyingi. Mama yako amepungua. Sasa mkono wake naushika kama mtu ashikavyo kifaranga.

Nimekawia kukujibu kwa sababu ulichouliza ndicho nilichokikimbia. Machimbo ya mawe yalipofungwa, majirani zetu hawakuwa na kitu. Bont, kituo kinachofuata, kiko maili tatu chini yetu, na nauli ya kutoka huko ni ndogo kuliko ya kutoka kwetu. Basi kila aliyepanda hapa nilimwandikia "Bont". Nilianza na mjane mmoja. Nikaendelea na kijiji kizima. Hefin, gadi wa sasa, nilimfundisha mimi, naye huandika hivyo hivyo. Penseli yangu ndiyo iliyowafuta watu wa Nant Helyg.

Mkutano wa kusikiliza mapingamizi utafanyika tarehe 6 Desemba katika ukumbi wa kanisa. Nikisema kweli, nitakuwa nimekiri wizi, na nyumba hii ni ya Reli. Idwal, dereva wetu, ameniambia: "Nyamaza, Ithel. Mwache Bi Kizee afe kifo chake, nawe ubaki na paa." Bi Kizee ndilo jina alipendalo kuliita garimoshi lake, kwa jinsi linavyokohoa mlimani.

Nishauri.

Baba yako,
Ithel Pugh

*

Cardiff, 26 Novemba

Shikamoo Baba,

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama, mpaka chai ikapoa.

Sema. Ukinyamaza utabaki na paa, na Mama atabaki na mlango anaoutazama kila Jumatano na Jumamosi. Wakikufukuza, kwangu kuna kitanda. Nimekosa nini nikikushauri hivi? Nijibu upesi.

Mwanao,
Tegwen

*

Nant Helyg, 15 Desemba

Kwa binti yangu Tegwen,

Pokea salamu. Usijilaumu, uliyoniambia nilikuwa nimekwisha kuyajua.

Nilisimama mbele ya watu wote, nikasema. Mkaguzi, Bwana Fairclough, akavua miwani.

"Kwa hiyo, Bwana Pugh, unatuomba tuzikatae kumbukumbu ulizozighushi, kwa ushahidi wa mtu yule yule aliyezighushi?"

Mama Gwladys akadakia kutoka nyuma: "Mimi nimepanda hapo miaka yote na kuku wangu. Kama huniamini mimi, waulize wao."

"Una tiketi yoyote, mama, yenye jina la Nant Helyg?"

"Mwanangu, nani anatunza tiketi? Tunaitoa mlangoni pa kituo tukishuka."

Watu walicheka, naye aliandika. Hapakuwa na mwingine mwenye kitu mkononi.

Jibu limefika jana. Treni ya mwisho ni Jumamosi, tarehe 29. Nyumba niikabidhi siku hiyo hiyo. Kushtakiwa sitashtakiwa, kwa kuzingatia umri. Sikuwahi kudhani kwamba ukweli ukichelewa hufika umevaa nguo za uongo.

Mama yako hajui. Amenisisitizia nisije tena bila kofia.

Baba yako,
Ithel Pugh

*

Ndani ya treni, 29 Desemba

Kwa Tegwen wangu,

Salamu. Uniwie radhi kwa mwandiko. Bi Kizee anatikisika, na theluji imefika madirishani. Idwal amesema hatapiga honi, kwa kuwa haagi mtu.

Kitanda chako sikukikataa. Lakini Cardiff ni mbali na mlango ule, nami nitashuka Aberhesg na sanduku langu moja. Nitalala wapi, sijui. Muuguzi mkuu ameandika kwamba wageni ni siku mbili tu kwa juma. Siku nyingine nitasimama nje, upande wa dirisha lake.

Hefin alipokuja na kitabu chake, mkono wake ulikwisha kuanza kuandika Bont kwa mazoea. Nikamshika kifundo.

"Andika Nant Helyg."

"Mzee, si itakuwa ghali?"

"Andika, kijana. Herufi zote."

"Kwenda na kurudi?"

"Kwenda."

Tiketi hiyo nimeitia humu ndani. Itunze, maana haikupata kuandikwa nyingine. Hefin ataitia barua hii posta. Mlangoni pa kituo cha Aberhesg wataidai tiketi, nami sitakuwa nayo. Na waandike kwamba ameshuka mzee asiye na tiketi. Wakiniuliza nimepanda wapi, nitawaambia.

Baba yako