Nguo za Mashangazi Hazikufika Diepsloot

Malvern, Johannesburg
Agosti 2017

Shabani mdogo wangu,

Salamu nakupa, maana nimelelewa. Mzima wewe? Mkeo mzima? Mama mguu bado unamsumbua? Sisi huku baridi inatukata masikio, shemeji yako anakohoa, na watoto nikiwasalimia kwa Kiswahili wananijibu kwa Kiingereza. Hayo ndiyo mazuri. Sasa kaa chini.

Sikuandikii kwenye WhatsApp kwa sababu huko nikikukaripia unaniletea vikatuni vya kucheka. Barua hii anaileta mke wa jirani yetu anayekuja Morogoro, na nimemwambia akukabidhi mkononi. Mama asisomewe. Atakutetea, kama alivyokutetea maisha yako yote.

Nilikuwa nauza nguo zangu bila wewe na mambo yalikwenda. Mteja ananipigia, nakata kitenge, nashona, na mzigo wa Diepsloot, kule kwenye vibanda nje ya mji, anaubeba mama mmoja wa kanisa la wateja wangu wa huko, anayepita hapa dukani kwangu Jules Street kila wiki. Anafuata maelezo: shuka kwenye robot ya mwisho, yaani taa za barabarani, pita spaza, kile kiduka cha Msomali, ukiona geti la bluu lililotengenezwa kwa mlango wa friji, piga hodi. Nguo zilifika, tena zote. Wewe ukacheka mpaka ukapaliwa. "Dada, unafanya biashara kama uko gulioni!" Ukanifungulia duka la mtandaoni. Hilo nakushukuru, picha zilipendeza. Kisha ukang'ang'ania tuliunganishe na kampuni ya vifurushi, ili mteja akifika pale pa kulipia aone mwenyewe nauli ya mzigo, alipe, na gari lije lenyewe kuuchukua dukani. Ukajaribu kwa anwani ya nyumbani kwangu Kensington, ikakubali. "Umeona? Imekwisha hiyo."

Imekwisha kweli.

Mama Neema nimekusimulia mara nyingi, yule Mkongomani wa Uvira anayeishi Diepsloot. Nilipojifungua kwa kisu ndiye aliyenifulia nguo za mtoto. Binti yake Neema amekua akiniita shangazi, na alipopata mchumba, mama yake akasema mbele ya watu: ndugu zangu wa damu wako mbali, mashangazi wa mwanangu ni ninyi. Kwao, mashangazi wanaingia ukumbini wakicheza mbele ya bibi harusi, wote kitambaa kimoja. Asiye na sare haingii, anakaa na wageni. Sare zote akanipa mimi kushona, na yangu ikiwemo.

Mimi kwa kujidai nikamwambia usinipigie, agiza kwenye simu yako, gari litakuletea mpaka mlangoni. Akajaribu. Duka likamkatalia: weka namba ya nyumba, weka jina la mtaa, weka postikodi. Kibanda cha bati hakina namba, Shabani! Nikakupigia. Ulikuwa unaangalia mpira, kelele nilizisikia. Baada ya muda ukasema, "Tayari dada, sasa halimkatai mtu." Sikukuuliza umefanyaje. Fundi akisema tayari, mimi najua ni tayari. Mama Neema akaagiza tena bila anwani, duka likakubali, akalipa.

Ulichofanya nimekuja kukijua baadaye. Anwani ikikosekana, duka linaweka ya kwangu. Yaani mtu wa Diepsloot analipa nauli, gari linakuja Jules Street kuchukua mzigo, linazunguka nao mji mzima, kisha linaurudisha Jules Street. Eish! Hata msukuma mkokoteni angeuliza kwanza anapeleka wapi.

Jumatano gari likaja. Nikachapa ile lebo yenye vimistari, maandishi madogo kama mchwa, nikabandika bila kuyasoma, nikaukabidhi. Alhamisi nilikuwa mjini kununua zipu. Dereva akafika akakuta nimefunga. Msusi wa mlango wa pili akaona ni anwani ya duka langu, akanisainia, akauweka mzigo nyuma ya madraya yake ya kukaushia nywele. Ijumaa na Jumamosi yule hapati hata nafasi ya kumeza mate kwa wateja, akausahau. Na kwenye simu yangu, Alhamisi ile ile, ujumbe ukaingia: mzigo umepokelewa.

Ijumaa asubuhi Mama Neema akapiga. "Yaya Zuhura," maana kwao yaya ni dada mkubwa, "hakuna kitu nilipata." Nikakuuliza wewe. Ukanijibu kwa ile sauti yako ya darasani, "Dada, mfumo haudanganyi. Kuna mtu amesaini. Usikubali wakuchezee." Nami, mjinga mimi, nikampigia nikamwambia aulize kwa majirani zake, mtu wa huko huko kwake ndiye aliyepokea. Akasema, "Sawa, yaya," akakata.

Jumamosi nikavaa sare yangu, nikapiga na kilemba. Nilikuwa na uhakika nitawakuta wamevaa. Nafika ukumbini, nawaona mashangazi wamesimama mlangoni, mmoja na gauni la kanisani, mwingine na sketi ya kazini. Mama Riziki, yule anayelinda geti la maduka, alitoka zamu moja kwa moja akitegemea kubadilishia pale pale. Amesimama na buti na sweta lenye nembo ya kampuni. Mimi peke yangu nang'aa. Shabani, fundi ndiye aliyevaa kitambaa ambacho wenye shughuli hawakukiona! Waliniangalia kama mwizi aliyeingia na mali ya watu mwilini. Nikaanza kueleza habari za mfumo, Mama Riziki akanikatisha: "Système gani? Ni wewe."

Mshereheshaji akaita mashangazi waingie. Hakuna aliyesogea. Akaita tena, watu wakageuza shingo. Mwisho Neema akaingia ameshikwa mkono na mama yake tu, hakuna wa kumchezea mbele, na alipopita karibu yangu akakitazama kitenge changu toka kola mpaka pindo, akageuza uso. Nilikwenda kulia chooni. Nakuambia wazi ili ujue.

Jumatatu msusi akaniletea mzigo, anacheka, "Mama, huu ni wako wa Alhamisi." Nikakupigia. Ukasema nini? "Kitaalamu, dada, mfumo ulifanya kazi. Ulipeleka kwenye anwani iliyoandikwa." Kitaalamu! Nilikata simu kabla sijakutukana tusi ambalo lingempata na mama yetu.

Siku hiyo hiyo nikaubeba mwenyewe Diepsloot. Sikupotea hata kidogo. Mama Neema akafungua geti nusu, hakunikaribisha. Nikamweleza yote, kwamba ni ndugu yangu aliyetengeneza duka, kwamba mzigo ulirudi kwangu bila mimi kujua. Alisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akautazama mfuko wa nguo. "Bon, weka pale. Itatusaidia siku ya matanga." Akafunga geti.

Sasa sikiliza. Pasiwedi ya duka nimebadilisha, usihangaike kujaribu. Pale pa kulipia nimepafunga pote, anayetaka nguo anipigie kama zamani. Na usithubutu kunieleza tena kitaalamu.

Mama msalimie, mwambie dawa ya kuchua nimempa huyu aliyeleta barua. Msalimie mkeo, ndiye mwenye akili humo ndani. Mjomba fundi baiskeli msalimie, na shangazi yetu mkubwa msalimie kwa heshima zote, maana sasa najua cheo hicho kina uzito gani. Shemeji yako ananiambia nikusamehe, anakumbuka alipokuwa mkimbizi huko kwetu ulivyokuwa ukimchotea maji. Nimemwambia akusamehe yeye.

Namba ya Mama Neema nimeiandika nyuma ya karatasi hii. Mpigie wewe, kwa mdomo wako. Mwambie ni wewe uliyeweka anwani yangu kwenye nguo za harusi ya mwanawe, na ni wewe uliyenifanya nimwone mwongo. Akikukatia, piga tena. Nikipiga mimi hapokei.

Dada yako, kwa kuwa mama yetu ni mmoja,

Zuhura